Aliyeniuliza Jina la Mama Yake

Naomba usiniambie kwamba niliota. Mtu huota akiwa amelala, na mimi nilikuwa nikitembea mchana kwenye tope la njia ya Mushaki kwenda Karuba, nimebeba sukari ya mama mkononi.

Wakati huo nilikuwa mmisionari wa kujitolea wa historia ya familia. Unaketi na watu, wanakutajia mababu zao, unaandika ili wasipotee. Huku Masisi, ambako watu wamekimbia kijiji hadi kijiji, mara nyingi majina ndiyo mali pekee waliyofika nayo. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, nikaenda kumwona mama.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migongo ya ng'ombe. Sauti ikaniita, "Mwipwa."

Mtoto wa dada. Aliyeniita alikuwa ameketi juu ya jiwe, na uso wake, niamini, ulikuwa uso wa mama yangu juu ya shingo ya mwanamume.

"Ni mimi, Bauma. Mujomba wako. Ao mama yako alishanizika?"

Bauma ni kaka pekee wa mama. Aliingia msitu wa Walikale kuchimba madini kabla sijaanza shule, hakurudi. Mama alikataa kumlilia matanga. Alisema mtu haliliwi mpaka mwili uonekane.

"Iko anasonga bado bugali nguvu kama jiwe?" akauliza.

Nikacheka huku machozi yakinitoka, maana ugali wa mama ni hivyo hivyo. Nikataka kumkumbatia. Akainua mkono.

"Pole pole, mutoto. Siku hizi batu banadanganya bukoo. Taja jina ya mama yetu, ile ya nyumbani, nijue kama uko wa kwetu."

Nikueleze. Kwetu, mgeni akifika akidai undugu, anaulizwa jina la nyumbani la bibi. Si la ubatizo wala la kwenye kadi, bali lile linaloitwa ndani ya ua tu. Vita vimetufundisha hivyo. La bibi yangu tuliobaki tukilijua ni mama, mama mdogo anayeishi Mweso, na mimi. Nimewauliza watu swali hilo mara ngapi? Nikafurahi kwamba safari hii naulizwa mimi. Nikalitaja kwa majivuno kabisa.

Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Aksanti, mwipwa. Utamusalimia dada."

Akateremka bondeni, ukungu ukamfunika. Nikamwita, nikamkimbilia. Kwenye tope kulikuwa na nyayo zangu tu.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Mgeni alikuwa yeye, na mwenye haki ya kuuliza nilikuwa mimi. Tena, mtoto gani anauliza jina la mama yake?

Nilimkuta mama akimenya viazi. Nikamweleza yote. Akaweka kisu chini.

"Ulimwambia jina gani?"

Nikafungua mdomo. Jina halikuja. "Sema wewe, mama."

Midomo yake ikacheza, haikutoa sauti. "Iko wapi?" akasema polepole. "Asubuhi nilisali nayo."

Nikampigia simu mama mdogo. Kabla sijasalimu, alikuwa akicheka. "Kumbe mumesikia? Bauma amerudia. Alitaja jina ya mama pa mulango, nikamufungulia."

Jioni ilikuwa haijaingia. Kwa barabara ile, hata pikipiki isingekuwa imefika Mweso.

"Mama mudogo," nikamwambia, "nitajie hilo jina."

"Ngoja nimuulize."

Nikamsikia mwanamume akijibu kutoka ndani ya nyumba, kwa upole, "Anauliza ya nini? Alinipatia ye mwenyewe."

Simu ikakatika. Tangu siku ile mama mdogo hapokei. Tulimtuma mama mmoja muuzaji wa maharagwe apite kwake. Alirudi na jibu la mama mdogo kwamba yeye hana dada Karuba, na kwamba mtu aliyeuza mama yao njiani asikanyage mlango wake. Anapika chakula cha watu wawili, alisema yule mama, lakini aliyeonekana uani alikuwa yeye peke yake, na amekonda.

Mama hajanitupia neno baya. Ila akisali, anafika mahali pa kumtaja mama yake, ananyamaza, kisha ananitazama. Je, wewe ungeweza kuvumilia macho hayo?

Basi sikia. Mtu akikuita ndugu njiani, mpe maji, mpe mahali pa kuketi. Swali uliza wewe. Asipojibu, hata akiwa na uso wa mama yako, mwache nje.