Kitufe Nilichomfundisha Somoe

Mimi ni mtu mchafu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia katikati ya maneno yangu. Nina wajukuu sasa, na hapa mtaani kwetu Mtwara watu wananiita mama na kunipisha njiani. Wangejua, wangetema mate.

Sina mtu wa kumwambia, ndiyo maana nakwambia wewe usiyenijua.

Miaka ile ya foleni za sabuni na sukari nilikuwa taipisti katika mradi wa barabara za vijijini, ofisi yetu ikiwa Shangani, hapa hapa Mtwara. Mataipisti tulikuwa wawili, mimi na Somoe. Somoe alikuwa mtoto wa pwani, wa kijiji cha Msimbati, mimi mtoto wa mashambani, kwetu korosho na mihogo. Kiswahili changu kilikuwa na Kimakonde ndani yake, na pale ofisini walikuwa wakiniigiza nikizungumza. Somoe hakuniigiza hata mara moja.

Yeye ndiye aliyeniombea kazi ile. Yeye ndiye aliyenipokea chumbani kwake nilipokuwa sina pa kulala. Akipata mche wa sabuni kwenye duka la ushirika, anaukata katikati, kipande kikubwa ananipa mimi. Kwenye taipu nilikuwa simfikii. Vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya bati, na karatasi ikitoka haina kosa.

Basi wafadhili wakaleta kompyuta. Ilikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani, na midomo miwili ya kumeza disketi. Disketi moja ilikuwa na programu ya kuandikia, nyingine ndiyo ya kutunzia ulichoandika. Mtaalamu wa kigeni aliyekuja nayo tulimwita Bwana Mrefu. Alituonyesha kwamba mtu anaweza kukosea neno akalifuta bila kuchafua karatasi, akahamisha aya nzima kutoka juu kwenda chini. Tuliokuwa tumezoea kurudia ukurasa mzima kwa kosa moja, tuliona kama uchawi.

Meneja wetu akatuambia ukweli: mashine ni moja, na mradi unapunguza watu. Atakayeiweza zaidi atabaki. Tutapimwa.

Siku za mafunzo zilipoanza, mama yake Somoe akaugua. Somoe akaenda Msimbati kumuuguza. Mimi nikabaki na Bwana Mrefu na vitabu vyake vya Kiingereza. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, Somoe aliishia darasa la saba. Kiingereza kilinipa nafuu, na ndicho kitu pekee nilichomzidi.

Aliporudi, kesho yake tu ndiyo zamu yake ya kupimwa. Yangu ilikuwa imeshapita, na nilijua sikufanya vizuri. Akanijia akiwa bado amechoka na safari.

"Shoga, nifundishe," aliniambia. "Yaliyo muhimu tu, nisiaibike mbele ya wazee."

Nikamfundisha. Nikamwonyesha kufungua ukurasa mpya, kufuta, kurudi nyuma, kuanza aya. Yote hayo nilimfundisha sawasawa, na kwa upole. Halafu akauliza, "Na kuhifadhi?"

Kuhifadhi ilikuwa unashika kitufe cha Kontrol, unabonyeza K, kisha S. Nilikuwa nakijua kama jina langu.

Nikamwambia, "Haina haja. Mashine inakumbuka yenyewe. Ukimaliza kabisa, bonyeza Kontrol na K, halafu Q. Itakuuliza swali. Wewe bonyeza Y."

K na Q ilikuwa amri ya kuacha kazi bila kuitunza.

Kesho yake Bwana Mrefu akampa ripoti ndefu iliyoandikwa kwa mkono, akatoka na meneja kwenda kukagua daraja. Somoe akakaa kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa meza ya pili, kwenye taipu yangu. Aliandika tangu asubuhi mpaka alasiri, hakunyanyuka hata kula. Nilichungulia kioo nikaona kazi safi. Nilikuwa na muda wote ule wa kumwambia. Nilikuwa na mdomo.

Alipomaliza alinyoosha mgongo, akabonyeza nilivyomfundisha. Swali likatokea.

"Inaniuliza nini hapa?"

Mashine ilikuwa inamuuliza kama kweli anataka kutupa alichoandika.

Nikamjibu, "Inauliza kama umemaliza. Bonyeza Y."

Akabonyeza. Kioo kikawa kitupu. Akacheka kwa furaha, akanishika bega, akanambia, "Ahsante, mwenzangu."

Asubuhi yake Bwana Mrefu alifungua disketi mbele yetu sote. Haikuwa na neno. Meneja akamgeukia Somoe.

"Jana ulifanya nini hapa?"

"Niliandika, mzee. Ripoti yote niliimaliza."

"Iko wapi?"

Somoe akanitazama. Meneja naye akanitazama. "Wewe ulikuwa hapa siku nzima. Aliandika?"

Mpaka hapo ungeweza kusema nilifanya kwa wivu wa kijinga. Lakini sikiliza nilichojibu. Nilisema, "Nilimwona akibonyezabonyeza tu, mzee. Sikuona kama anaandika."

Somoe hakubisha. Alifunga khanga yake kiunoni, akasema, "Haya, mzee," akaenda kuketi nje. Kabla ya wiki kwisha akawa hana kazi, tena kwa jina la mwongo.

Jioni ya siku ile niliyomsingizia alipika ugali na samaki, akaniita nile. Nikala, nikashiba. Aliniuliza taratibu, "Shoga, mbona ulisema sikuandika?" Nikamwambia nilichanganyikiwa, niliogopa na mimi nisije nikafukuzwa. Akasema, "Njaa mbaya." Basi. Usiku nililala fofofo.

Akaanza kukaanga mihogo na kuuza sokoni. Haukupita muda ikaja ile operesheni ya kuwakusanya watu wasio na kazi mjini na kuwapeleka vijijini wakalime. Mgambo walimkamata na sinia lake kichwani, wakampandisha kwenye lori. Jirani yetu alikuwepo, akaja kuniambia, na akanitajia kijiji walichopelekwa, huko ndani mbali na pwani.

Ningeweza kwenda kwa meneja kumwombea neno moja tu. Sikwenda. Nitakwambia kilichonipitia moyoni siku ile: nilifurahi kwamba chumba kimekuwa changu.

Unadhani nimefika mwisho wa uchafu wangu? Bado.

Siku moja alikuja ofisini kijana mmoja, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Akajitambulisha kuwa kaka yake Somoe. Mama yao alikuwa amezidiwa na alikuwa akimtaja binti yake tu.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye," aliniambia. "Nielekeze tu walikompeleka, nimfuate."

Nilikijua kile kijiji. Jina lake lilikuwa mdomoni. Nikafikiri: akirudi mjini, akaanza kuulizauliza habari za ile mashine, Bwana Mrefu atamweleza maana ya K na Q. Nikamjibu, "Sijui, kaka yangu. Hawakusema wanawapeleka wapi."

Alinishukuru. Akavaa viatu, akaondoka. Mama yake alikufa bila kumwona mtoto wake.

Na hiyo kazi niliyoipigania hivyo? Mradi ulifungwa, Bwana Mrefu akarudi kwao. Kompyuta ikatupwa stoo, chumvi ya bahari ikaila. Mara ya mwisho nilipoiona, panya walikuwa wamezaa nyuma yake, vitufe vimejaa mavi ya mijusi, na zile disketi zimeota ukungu. Stoo nzima ilinuka mkojo. Nilisimama pale nikaona sawa, mali yangu ndiyo hii.

Miaka ikapita, nikasikia Somoe yuko Msimbati, ameolewa na ana watoto. Nikajikaza nikaenda. Alinikaribisha vizuri, akanitandikia mkeka, akanichunia dafu. Nikamwambia habari ya kitufe, yote, huku nalia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuwa najua. Kiingereza changu kidogo, lakini si kwamba sikuwa nacho kabisa. Nililisoma lile swali, nikaona mbona kama linasema kutupa. Nikasema hapana, shoga yangu kaniambia Y. Nikakuamini wewe kuliko mashine."

Nikajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Hilo nimekusamehe zamani," akaendelea. "Ujana. Linaloniuma mpaka leo ni mama. Alikufa ananiita, na kaka alinitafuta akakosa. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua nilipo."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu kwenye mkeka.

Nikasema, "Pole sana, dada yangu."

La kaka yake kuja kuniuliza sikulitaja. Nilikuwa nimeshaonja msamaha, nikaona tamu, nikaogopa kunyang'anywa. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanifungia samaki waliokaushwa niwapelekee wanangu. Samaki wale niliwapokea kwa mikono yote miwili.

Somoe amefariki, na kaka yake pia. Mazikoni wanawake walinipa mkono wa pole, wakisema nimepoteza rafiki wa damu. Na mimi nikapokea.

Wewe unayesoma, mtu akikuomba umfundishe kazi, mfundishe yote au mwambie huwezi. Na kama umeshamkosea mwenzio, ukienda kuomba radhi usiende na nusu. Usimpe dogo akusamehe ukaficha kubwa. Mimi nilisamehewa kitufe. La mama yake nilitoka nalo Msimbati, na hakuna tena mlango wa kugonga.