Muntu Iko Chini

Watu wa mtaa uitwao Kenya, huko Katanga, walimcheka sana Zéphirin Kalenga, na kusema kweli alijitakia. Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, fundi wa karakana ya reli, anatoka misa ya Jumapili, anavua shati jeupe, anavaa ovaroli na kwenda kulipaka mafuta gari-moshi lililokwisha kustaafu! Bila mshahara, bila hata chupa moja ya bia. Mkewe Madeleine aliliita gari hilo mke mwenzake.

"Kwake unaenda na mafuta, kwangu unarudi na buchafu," alimwambia, naye Zéphirin akacheka tu.

Gari lenyewe liliitwa Kambo, yaani bibi, kwa kuwa lilikuwa limewatangulia mafundi wote pale karakanani. Ndilo lililovuta mabehewa yaliyomleta Zéphirin kutoka Kasai akiwa kijana, na miaka sita baadaye likamleta Madeleine, bibi harusi mwenye sanduku moja na kuku wawili. Mwaka 1956 lilipotakiwa kukatwa vipande, Zéphirin alimwomba mkubwa wa karakana waachiwe walitunze siku zao za mapumziko. Mzungu yule alicheka, akasema sawa, mpaka siku chuma kitakapohitajika. Waliojitolea walikuwa watatu: Zéphirin, Mwape mpiga rangi, na Ngosa dereva. Hao wawili walikuwa wenyeji wa Katanga.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata walevi waliiheshimu. Fundi akiingia chini ya gari, hutundika mbele yake ubao mwekundu wenye jina lake na maneno matatu: MUNTU IKO CHINI. Ubao ukiwa juu, gari halisogezwi hata hatua moja, na wa kuutoa ni yule aliyeutundika, si mwingine, awe mkubwa wa namna gani. Sheria hiyo ililetwa na kifo. Zamani mtu mmoja aliutoa ubao wa mwenzake ili kazi iende haraka, na mwenzake alikuwa bado chini.

Basi Katanga ikajitangaza kuwa nchi inayojitawala, na kufika Agosti 1961 jina la mtu likawa hatari. Vijana wenye fimbo walisimama njia panda wakiuliza majina, na aliyeonekana kuwa wa Kasai aliambiwa mji si wake. Nyumba ya pili kutoka kwa Zéphirin ilichomwa mchana kweupe. Familia zilibeba masufuria zikakimbilia kambi ya wakimbizi, penye askari wa Umoja wa Mataifa. Karakanani, watu aliokula nao bukari, ugali wa huko, miaka thelathini walianza kumpita bila salamu. Zéphirin aliumia kuliko alivyoonyesha. Mla nawe hafi nawe, alijisemea, na siku hiyo akaupeleka ubao wake nyumbani, asije mtu akauvunja kwa chuki.

Madeleine alikata shauri: Jumapili lori la kambini litapita kanisani saa tisa, nao watapanda. Lakini Jumapili hiyo asubuhi Ngosa alibisha hodi akihema, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, mambo iko mubaya. Kesho basoda, askari ba Katanga, banakuya kukamata Kambo. Banataka tumusukume mpaka ku daraja, tumuangushe pale, njia ifungike, ba Umoja wa Mataifa basipite."

"Nani atamuvuta?"

"Ni miye. Banaisha kuandika jina yangu. Nikikatala hivi hivi, batanifunga. Nipe sababu, yaya."

Zéphirin alikuwa nayo. Bei yake aliijua pia. Aliinama akautoa ubao chini ya kitanda.

Walipitia kwa Mwape, wakaenda watatu kwa njia za uani, Zéphirin katikati, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kila waliposikia sauti ya kijana, walijibanza ukutani. Walipofika kwenye reli ya mwisho ya karakana, aliposimama Kambo, Mwape alitoa brashi.

"Yaya, acha nifute jina. Batasoma Kalenga, batajua weye ni wa Kasai, batakutafuta mpaka ku kambi."

Lilikuwa shauri la rafiki, na Zéphirin alitamani kulikubali. Aliogopa.

"Ukifuta jina, inabakia mbao tu," alisema. "Kila muntu ataweza kuitosha na kuitupa."

Akautundika, akaufunga kwa waya, Ngosa akimshikia koleo. Saa tisa alikuwa ndani ya lori, amekaa juu ya sufuria zake. Madeleine alimuuliza kama amemuaga mke mwenzake, lakini alipomwona uso aliacha mzaha.

Kambini hakupata usingizi wala raha. Milio ya bunduki ilipotoka mjini, alihesabu makosa yake. Je, Ngosa amefungwa? Kwa nini alimtia rafiki matatani kwa ajili ya chuma kikuukuu? Na kila gari la askari lililosimama mlangoni, alifikiri limekuja na jina lake. Wiki tatu alikula kama mgonjwa.

Wiki ya nne Ngosa alitokea kwenye uzio, mzima, amekonda kidogo, akamsimulia yote.

Jumatatu ile askari walifika na kumwamuru aunganishe gari. Ngosa akawaonyesha ubao. Mkubwa wao aliinama, akachungulia, akaona majani na mjusi.

"Hakuna mtu," alisema.

"Mbao inasema iko, mon commandant."

Mkubwa akawaita mafundi mmoja mmoja wautoe. Wa kwanza alitia mikono mfukoni. Wa pili vilevile. Wote thelathini, wale wale waliomnyima Zéphirin salamu, walisimama mikono mfukoni kama watoto walioiba sukari. Askari mmoja akanyoosha mkono autoe mwenyewe. Hapo mzee Mutale, ambaye mwezi mzima alikuwa akisema Wakasai warudi kwao, akamweleza habari ya yule fundi aliyekufa, na jinsi aliyeutoa ubao wake naye alivyokufa kabla ya mwaka kwisha. Mkono wa askari ukarudi.

"Huyu Kalenga ni nani?" mkubwa aliuliza.

"Ni wetu," Mutale akajibu. "Iko chini."

Saa zilikuwa zinakwenda. Askari wakachukua mabehewa matatu ya mawe badala yake.

Zéphirin aliushika uzio akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Si kwa ajili ya Kambo tu. Ni kwa lile neno, wetu.

Mwaka uliofuata watu wa kambini walirudishwa Kasai kwa treni. Siku ya zamu yao, dereva alikuwa Ngosa. Walipofika nyuma ya karakana alipunguza mwendo, akasimama kabisa, akaja mpaka dirishani kwao. Upande wa pili Kambo alikuwa mahali pake, na mbele yake ubao mwekundu, waya umeanza kushika kutu.

"Shuka, yaya, utoshe mbao yako. Nitakungoja."

"Enda, Baba Delphine," Madeleine alisema taratibu, akimwita kwa jina la binti yao. "Fundi anayeondoka anarudisha mbao."

Ndivyo ilivyokuwa desturi, naye aliijua kuliko wote. Aliinuka, akashika mlango wa behewa. Huko waendako alikuwa hajaishi tangu ujana, na hakuna aliyekuwa amemwahidi kwamba atarudi Katanga. Akakaa tena.

"Hapana. Tuende," alisema. "Bakiuliza, ubaambie miye niko chini."

Ngosa hakubisha. Alirudi kwenye mashini yake, akapiga honi mara moja, na treni ikashika njia ya Kasai.