Hina ya Habiba

Nakumbuka asubuhi moja kule Pande, mwanangu, siku ya harusi ya Habiba, na nitakusimulia yote kabla hujaichaji hiyo kamera yako. Keti. Jana uliniambia utafiti wako wa lugha ya mikono ya viziwi wa huku umeanza vizuri, na kwamba kesho unakwenda kumrekodi Habiba kwa sababu kaka yake amekubali. Nikanyamaza. Ukanishukuru, ukadhani nami nimeridhia. Kumbe nilikuwa nameza hasira.

Habiba ni binti wa mama yangu mkubwa. Alizaliwa hasikii, na nyumba nzima tuliongea naye kwa mikono, kila mtu kwa kadiri ya akili yake. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja ndimi niliyekuwa hodari. Habiba alimpa kila mtu alama yake ya jina. Yangu ilikuwa kugusa jino la mbele, maana nilikuwa na pengo. Watu wa nje walimwita bubu. Bubu! Habiba akianza kusimulia umbea wa kisimani, ndoo zilisahaulika.

Akaja mposaji, bwana mmoja mwenye mgahawa Nangurukuru, mtu mzima mwenye ndevu za kidevuni. Wazee walifurahi mno. Binti kiziwi kupata mume waliona ni bahati iliyojileta, nani aichunguze? Habiba alioneshwa kanga, akaoneshwa bangili, akatabasamu kwa sababu bangili zilikuwa nzuri. Wakasema amekubali.

Hina aliyopakwa usiku haikukolea. Asubuhi ya nikaha wakampaka upya, wakamviringishia mikono yote miwili vitambaa, juu yake mifuko ya nailoni, ile iliyopigwa marufuku siku hizi, wakakaza kwa uzi. Mimi nilikuwa mpambe wake, nimekaa naye mkekani. Nikamwona anahema. Akanisukuma kwa kiwiko. Akainua ile mikono iliyofungwa, akaigonganisha, akatikisa kichwa, akaigonganisha tena.

"Shangazi," nikamwambia aliyesimamia chumba, "Habiba ana neno."

"Neno gani sasa hivi? Hina haijakauka. We mtoto, hebu tulia!"

Nikaanza kuung'ata ule uzi. Shangazi akanichapa kofi, nikaacha. Nje pilau ilikuwa inanukia, na barazani nikasikia wanaume wakivua viatu. Shekhe na mashahidi wawili walikuwa wamekuja kuuliza ridhaa ya mwari, kama sheria inavyotaka. Nilijua Habiba hataki, na nilijua kwamba shekhe akiondoka pale mlangoni, mambo yamekwisha.

Shekhe akasimama nyuma ya pazia, akauliza kwa upole kama bibi harusi ameridhia aozeshwe. Habiba hakusikia swali. Aliona pazia likitikisika, akajua kinachoulizwa, machozi yakamtoka.

"Analia kwa haya," shangazi akajibu. "Kanyamaza, shekhe. Mwari akinyamaza kakubali."

Ni kweli, mwanangu, kwetu kimya cha mwari huhesabiwa ridhaa. Shekhe akaitikia vyema, akageuka aende zake.

Bi Mwanaidi alikuwa kwenye kona anatafuna tambuu. Huyo ndiye somo yake Habiba, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, mwanamke mfupi ambaye Pande nzima ilimwogopa. Akasimama.

"Shekhe, usiondoke! Kanyamazaje huyu? Mmemfunga mikono, kisha mwasema kanyamaza? Wewe shangazi mtu, nikikuziba mdomo kwa kitambaa, niseme umeridhia?" Kisha akanigeukia mimi. "Nawe mdomo unao. Kofi moja tu ndilo limekunyamazisha? Fungua mikono hiyo!"

Nikaukata uzi kwa meno, nikafungua. Hina mbichi ikamwagika mkekani, shangazi akajishika kichwa. Habiba akavuta ndevu zisizokuwepo chini ya kidevu chake. Yule bwana. Halafu mkono wake wa kulia ukakamata kifundo cha mkono wa kushoto, ukaukandamiza chini kwa nguvu. Akairudia tena ishara hiyo, akitutazama mmoja mmoja.

Mkalimani wa nini, na sote tulielewa? Wengi wetu tulikuwepo siku ya posa. Habiba alitaka kumuuliza yule bwana neno kwa ishara mbele ya wageni, bwana akaona aibu, akamshika mikono akaibana magotini. Sisi tulicheka, tukayaita mahaba.

"Mwari amesema hataki," Bi Mwanaidi akatangaza pale mlangoni.

Shekhe akaligeukia pazia tena. "Alhamdulillahi, nimeambiwa mapema," akasema, akawarudia wanaume.

Makelele ya siku ile usiniulize. Pilau tuliila, chakula hakina kosa. Miaka ilipita, Habiba akaolewa na fundi cherehani wa Kipatimu aliyejifunza alama zake zote, lakini habari hiyo atakupa mwenyewe, akipenda.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata changu cha jana ulikielewa sivyo, nami nina ulimi na wewe una masikio, sembuse chake? Kaka yake kakubali kwa ajili ya nafsi yake. Umesafiri kutoka mbali kuja kujifunza yasemwayo na mikono ile, na mwenye mikono hujamuuliza hata neno moja. Kuuliza si ujinga. Nenda kwake leo. Ukimkuta anasuka ukili, ngoja auweke chini, kwa maana mikono ikiwa na kazi hawezi kukujibu. Kaa mbele yake penye mwanga. Muoneshe kazi yako ni ya nini, na picha zake zitatazamwa na nani. Ukikwama, mimi nitakuwa karibu. Akikubali, fanya kazi kwa adabu. Akikataa, mshukuru vilevile, uje tule chakula cha mchana.

Mwenyezi Mungu akupe macho yenye subira, aijalie elimu yako iwe na heri kwa wale unaowaandika, na akuepushe usije ukawa miongoni mwa wanaoibana mikono ya wenzao. Amin.

Haya, inuka twende. Kamera iache hapo kitandani.