Kiti cha Juu ya Ngazi

Mzee niliyekuwa nimeajiriwa kumtazama kule Edmonton, ughaibuni, alikuwa Mjapani, na kazi yake ya maisha ilikuwa kutunga madude. Akiandika michezo ya televisheni ya watoto wa kwao. Kila wiki dude jipya linatokea, linabomoa mji, kisha anakuja shujaa kavaa kofia ya chuma, analipiga mateke mpaka linaripuka. Ndani ya dude mna mtu kavishwa vazi la mpira, jasho linamtiririka. Wiki ya pili, dude jengine. Alianza kijana, akaacha ana mvi. Ukutani kwake palikuwa na picha: yeye kaweka mkono begani mwa kitu chenye macho ya samaki na makucha. Nikitaka kusali, naigeuza itazame ukuta.

Uzeeni alikuja kukaa kwa binti yake, na akili ikaanza kumtoka. Akasema madude yamemfuata.

"Yako ngazini," aliniambia kwa Kiingereza chake kibovu, nami nikamfahamu kwa changu kibovu zaidi. "Yananingoja. Yote niliyaua mimi."

Basi majira ya baridi, saa kumi jioni kiza kishaingia, anapiga kelele na kukimbilia chini. Akaanguka, akavunjika mkono. Binti yake akaniambia mbele yake, "Akianguka tena, nampeleka nyumba ya wazee. Sina njia." Mzee alinishika, kucha zikaniingia. Nyumba ile aliiogopa kuliko madude.

Daktari alisema ni maradhi, aambiwe hakuna kitu. Binti akimwambia, "Baba, hakuna kitu," ndiyo mzee anazidi. Mimi Mpemba. Mtu akiniambia kuna kitu ngazini, siwezi kumwambia hakipo. Kwetu kitu kikishakuja hakifukuzwi hivi hivi. Kinaulizwa, wewe nani, unataka nini? Na nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Ngazi zile zikilia zenyewe. Nikizipanda mwili wote unanisisimka.

Jioni moja, binti hajarudi kutoka kazini, kelele zikaanza. Nikamkuta mzee kasimama juu, vidole vya miguu vishapita ukingo. Nikapanda huku nasoma Ayatul Kursiy, nikamkamata kiuno.

"Kiulize kinataka nini!"

"Madude yangu hayasemi," akalia. "Sikuyaandikia maneno."

"Sasa nani atayaandikia, mimi? Kiulize!"

Akageukia kiza cha ushoroba, akasema Kijapani kwa sauti ndogo. Akatega sikio. Kisha kinywani mwake ikatoka sauti nene, siyo yake. Nywele zilinisimama chini ya mtandio. Kidogo nimwachie.

"Kinasema kimechoka kusimama," akaniambia.

Nikamkalisha chini, nikaleta kiti cha chumbani, nikakiweka pale juu ya ngazi, ubavuni. Tukangoja. Mara mzee akacheka, na mimi sijapata kumwona akicheka.

"Kimekaa."

Toka siku ile, akipita anakiinamia kiti kama wanavyoinamiana kwao, halafu anashuka pole pole kanishika mkono. Binti akauliza kiti cha nini. Nikamwambia cha kupumzikia. Mzee hakuanguka tena, wala hakupelekwa popote. Alifia kitandani mwake, asubuhi, binti yake yuko naye. Hilo najivunia mpaka leo, na wajukuu zangu wakicheka, na wacheke.

Lakini maiti iliposhachukuliwa, binti aliniomba nikatoe mashuka. Nilisimama chini ya ngazi mpaka miguu ikaniuma. Kiti kiko pale pale, na kilichokikalia hakuna aliyekipa habari. Nikapanda, nikayakusanya mashuka, nikarudi nayo kifuani. Nilipofika penye kiti sikukitazama.

"Mwenyewe keshakufa," nikasema, kwa Kiswahili. "Huna tena wa kumngoja. Nenda zako."

Nikateremka. Nyuma yangu kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akiinuka.