Msimamizi wa Siku Moja

Mdogo wangu alipofika mwaka wa nne wa udaktari, alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe chini ya msimamizi. Akarudi kwetu Kasulu kuuliza kwa nini kinamama huwapa watoto wachanga dawa za mizizi. Msimamizi asipoupitisha, angerudia mwaka. Niliacha shule wazazi walipofariki, ili huyu asome. Sikuwa tayari kuona mtu anauchezea mwaka wake.

Kwa miezi kadhaa msimamizi hakupokea simu. Kisha asubuhi moja akashuka kwenye gari, akiruka madimbwi kama mbuzi anayeogopa maji.

"Mtandao wa huku vipi?" Hiyo ndiyo salamu yake.

Nyumba ya kwanza tulimkuta binti amepakata mtoto, mama mkwe wake kando. Kwetu mkamwana hamjibu mgeni mama mkwe akiwapo.

"Mama, mtoto unampa dawa za kienyeji?"

Binti aliinamisha kichwa. Mkwe akadakia, "Hapa hatuna mambo hayo, bwana daktari. Sisi ni watu wa zahanati."

Dawa ilikuwa bado inamchuruzika mtoto kidevuni. Msomi wetu, profesa mzima, alikuwa anatazama simu yake.

Nyumba mbili zilizofuata, mkwe mwingine, jibu lile lile. Profesa akafurahi.

"Unaona? Tatizo halipo. Badilisha mada."

"Profesa, tumewauliza mbele ya wakwe zao," mdogo wangu akasema.

"Binti, nimeanza kusimamia watu hujazaliwa."

"Ndiyo maana amechoka," nikamnong'oneza mdogo wangu kwa Kiha. Hakucheka. Profesa akanigeukia, "Dada, maharage ya Kasulu nasikia yanaiva upesi?" Kuhusu watoto hakuuliza tena. Kabla ya chakula cha mchana alishaondoka.

Usiku ule nilimwambia mdogo wangu, "Hubadilishi kitu." Kesho yake akaenda mtoni, wanakoloweka mihogo. Wakwe hawashuki huko. Mabinti walizungumza hadi jua likawa kali. Mmoja alisema, "Usipompa, unaambiwa unataka kuua mjukuu wa watu."

Aliandika yote, akatuma. Msimamizi akajibu kwamba ndivyo alivyobaini yeye mwenyewe siku aliyofika, na akaupitisha utafiti.

"Mwandikie kwamba anasema uongo," nikamwambia.

"Dada, ameshapitisha. Muache."

Alikuwa anafuta machozi huku anacheka. Nikasonya, nikaenda kumtafutia gari la kumrudisha chuoni.