Jini Alilolitunga Mbeyu

Mbeyu binti Matano ni jirani yangu hapa Msambweni, na tunafua pamoja mashuka ya hoteli moja kule Diani. Mkono wake wa kushoto uliungua kwa pasi kubwa ya dobini miaka mitano iliyopita, na vidole viwili havikunjiki. Hoteli ilimpa pole na dawa ya kupaka. Naanza na hilo kwa sababu hasira zangu zimepanga foleni, na hoteli ndiyo iliyotangulia.

Wageni wakiondoka huacha vitabu chini ya mito. Mbeyu alivisoma, vya mapenzi ya viumbe wa sayari za mbali, kisha siku moja akaniambia, "Hafsa, hawa wote huangukia Ulaya tu. Hakuna hata mmoja aliyeanguka hapa kwetu Ramisi?" Jioni ile akanunua daftari.

Katika hadithi yake, Zaruki anatoka nyota isiyo na jina na kuanguka katikati ya mashamba ya miwa, siku miwa inapochomwa. Ngozi imembabuka. Aliwaua ndugu zake vitani huko kwao, na hawezi kujisamehe. Akigusa jeraha la mtu linapona, lakini kila akiponya, macho yake mwenyewe hufifia. Mwanamke anayempenda ana mkono ulioungua, na anakataa katakata kuguswa, maana hataki apofuke. Niliisoma sura hiyo nikalia kando ya mashine ya kukaushia, hata msimamizi akadhani nimefiwa.

Daftari sita, miaka mitatu. Muda huo wote alimwomba mumewe, Kheri, kitu kimoja tu: saa moja kila siku baada ya alasiri, asiitwe na mtu. Kheri alikuwa akijibu, "Baadaye," macho yakiwa kwenye simu.

Kosa la Mbeyu, kama ni kosa, ni kwamba msimulizi wake husema "mimi". Mavyaa wake, mama yake Kheri, alipekua chini ya godoro, akazikuta daftari, akamwita mwanawe amsomee. Kheri akasoma: "Zaruki alinijia tena, akanilaza juu ya majivu ya miwa." Basi, yakaisha. Mke ana jini mahaba, tena ameandika ushahidi kwa mkono wake! Watu wazima, wenye akili zao! Mbeyu aliapa kwamba ni hadithi ya kutunga. Nami nikaapa. Mavyaa akanigeukia: "Wewe mwanangu nyamaza, huenda nawe limekupanda."

Jumamosi asubuhi akaletwa Mzee Dzombo, mganga wa Mkongani. Daftari ziliwekwa kando ya jiko la makaa, zichomwe jini likishatoka. Mbeyu akakalishwa mkekani, akafunikwa shuka jekundu, akafukizwa uvumba.

"Wewe ni nani?" mganga akauliza.

"Ni mimi, Mbeyu. Naomba mniachie daftari zangu."

"Linajificha," mganga akasema. "Ongezeni uvumba."

Mara tatu alitaja jina lake, na mara tatu akaongezewa moshi. Nilitamani kukitupa kile chetezo nje, na mganga akifuate. Mara ya nne, chini ya shuka ikatoka sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mimi ni Zaruki. Atakayezigusa daftari hizi, nitampofusha."

Kheri alipiga magoti. Kheri huyu huyu!

"Shikamoo, mzee," akasema. "Twakuomba radhi, hatukujua. Wataka nini, tukupe?"

"Saa moja, kila siku baada ya alasiri. Mwanamke huyu asiitwe."

"Umepata, mzee. Na kama lipo jingine, sema."

Mke aliomba miaka mitatu kwa kinywa chake mwenyewe. Jini la kutungwa lilipata kabla makaa hayajapoa, na mavyaa akaziinua daftari kwa kitambaa safi, akazirudisha chumbani.

Jumatatu nilikuwa nimekaa uani kwao, Mbeyu yuko ndani anaandika. Kheri akaja na sahani ya tende, akasimama mlangoni mwa chumba chake mwenyewe, akapiga hodi.

Mbeyu akafungua.

"Zaruki hayupo, Kheri. Hajapata kuwapo. Aliyesema ni mimi. Niombe radhi mimi."

Kheri akanyoosha shingo, akachungulia chumbani juu ya bega la mkewe.

"Ameondoka?" akauliza. "Atarudi saa ngapi?"