Filamu Tulizoziona Mwanzo Tu

Juzi binti yangu alikuwa akitazama filamu ya kutisha kwenye simu, akiruka dakika za mwanzo. "Hapo hakuna kitu, mama," aliniambia. Mimi ni mzee wa kanisa, si kazi yangu kutetea sinema. Lakini wewe, rafiki yangu, nitakwambia: hofu ya utotoni mwangu ilikaa kwenye dakika hizo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kila Jumamosi nyanya yangu alinichukua kutoka kijijini kwetu Wema kwenda soko la Garsen kuuza ndizi. Nyuma ya soko palikuwa na banda la video, joto la mabati na harufu ya petroli ya jenereta. Mwenye banda alikuwa na desturi yake. Filamu ikianza aliliacha pazia la gunia la mlangoni wazi ili atuonjeshe, na mambo yalipokaribia kuharibika, alilishusha. Waliolipa walibaki ndani, sisi tukarudi kwenye ndizi. Nimeona mianzo mingi, wala sijui mwisho hata mmoja.

Ndivyo nilivyojifunza mwanzo unavyofanya kazi. Haukuonyeshi jini. Unakuonyesha mwanamke anaosha vyombo, mbwa amelala, redio inaimba. Halafu kitu kimoja kidogo kinabadilika: redio inanyamaza, mbwa anautazama mlango usio na mtu. Mwanamke haoni. Wewe unaona, na huwezi kumwambia. Gunia linashuka. Wiki nzima nilikaa na mlango ule, nikiimalizia hadithi mwenyewe, kila mara vibaya zaidi.

Nikaanza kuwatazama watu hivyo hivyo. Mwalimu wa shule ya Jumapili alibadilisha viatu tu, nikamshuku mwezi mzima.

Nyumbani, kila asubuhi mama mmoja wa wafugaji alituletea maziwa, nasi wakulima tukampa mahindi. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa kunyonya, na uji wake uliyategemea maziwa hayo. Maziwa yalinukia moshi aliofukizia kibuyu. Mama yule alimimina kwanza kidogo kwenye kifuniko, akanywa mbele yetu, ndipo akampa nyanya. Hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo.

Asubuhi moja alimimina moja kwa moja kwenye sufuria yetu. Hakuonja. Midomo yake ilikuwa mikavu, na uso aliugeuzia pembeni. Nyanya alikuwa akipepeta mahindi, hakuona. Niliona mimi. Nikaipiga sufuria teke.

"Wewe mtoto, una wazimu?" nyanya aliuliza.

"Hajaonja. Leo hajaonja."

Mama wa maziwa aliwatazama kuku wakiyakimbilia maziwa mchangani. "Mimi nimefunga," alisema polepole. "Mwezi imeonekana jana. Leo ndio ya kwanza." Kisha akanigeukia. "Miezi mingi mimi naleta. Wewe umefikiri nini?"



"Dada, nisamehe," nyanya alisema. "Huyu ameharibiwa na video."

"Video gani iko na mguu?" alijibu, akajitwika kibuyu chake na kuondoka bila mahindi. Siku hiyo mdogo wangu aliusukuma uji wa maji mtupu na kulia hadi sauti ikamkauka.

Jioni nyanya alinibebesha mahindi hadi bomani kwa mama yule, nikaomba msamaha nimepiga magoti. Alinisikiliza, akasema tu, "Simama, utachafua nguo."

Kesho yake alikuja. Kabla hajamimina, nyanya alichukua kifuniko, akatia maziwa, akanywa yeye. Alifanya hivyo mwezi mzima wa mfungo, na hata ulipokwisha hakuacha.

Nyanya amelala katika Bwana, kibuyu kimekuwa pakiti ya plastiki, na mama yule alihama na ng'ombe wake nisijue wapi. Baadaye watu wetu na watu wake walikuja kutiliana shaka kwa mambo makubwa kuliko maziwa, ya mashamba na malisho, na njia ya kwenda bomani ikaota nyasi. Namshukuru Mungu kwamba mimi niliipita ingali wazi.